Jinsi ya kuomba idhini ya tathmini ya kimkakati ya mazingira kwa mpango wa kaunti

Nchini Kenya, mpango wa matumizi ya ardhi, wa mji au wa sekta nzima hufanyiwa tathmini ya kimkakati ya mazingira kabla ya kutekelezwa. Sharti hilo limo katika kifungu cha 57A cha Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira, kilichoongezwa mwaka 2015, na idhini hutolewa na NEMA, mamlaka ya kitaifa ya usimamizi wa mazingira. Isichanganywe na tathmini ya mradi mmoja. Ile ya mradi huuliza kiwanda hiki kijengwe vipi; hii huuliza kama eneo hili linafaa viwanda. Mpango ukiidhinishwa, miradi iliyomo ndani yake bado itaombewa leseni yake.

Anza mpango ungali rasimu. Ukimwita mtaalamu baada ya ramani kuchapishwa, atabaki kuhalalisha yaliyokwisha kuamuliwa. Mwaka 2018, Mahakama Kuu ilipoamua kesi ya wakazi wa Lamu kuhusu LAPSSET, mradi wa bandari ya Lamu na ushoroba wa uchukuzi wa kwenda Sudan Kusini na Ethiopia, mojawapo ya dosari ilizozitaja ni kwamba tathmini ya kimkakati haikutangulia.

Kwanza, peleka NEMA muhtasari wa mpango: nani mwenye mpango, sheria inayomruhusu kuuandaa, lengo, muda, ramani yenye mipaka, aina za miradi itakayozaliwa, na maji, misitu au ardhi itakayoguswa. Kwa muhtasari huo NEMA huamua kama tathmini inahitajika. Ukiambatisha kabrasha zima la mpango bila ramani, tarajia maswali na kucheleweshwa.

Ikihitajika, ajiri mtaalamu au kampuni iliyosajiliwa na NEMA. Kagua leseni yenyewe, maana hutolewa kwa mwaka mmoja mmoja. Mpango wa bonde la mto hauwezi kuachiwa mtu wa misitu peke yake; timu iwe na mjuzi wa maji na wa masuala ya jamii.

Kisha huandaliwa ripoti ya upeo, inayotaja mambo yatakayochunguzwa, pamoja na hadidu za rejea, yaani maelekezo ya kazi ya utafiti. Usianze utafiti wa kina kabla NEMA haijazikubali. Hapa ndipo wadau hutajwa: vikundi vya usimamizi wa ufuo, vyama vya watumiaji maji, vyama vya misitu, wafugaji. Wafugaji husahaulika mno, kwa sababu siku ya kuhesabu watu huenda wako malishoni kwingine.

Utafiti wenyewe ndio moyo wa kazi. Chukua Delta ya Tana, pale mto Tana unapoingia Bahari ya Hindi, ambako mpango wa matumizi ya ardhi na tathmini viliandaliwa kwa pamoja. Kiangazi kikikaza, mifugo hushuka kutoka mbali kufuata majani ya delta. Takwimu za masika peke yake zingeonyesha nyika tupu inayongoja mashamba. Juu ya mto kuna mabwawa kama Masinga na Kiambere yanayobadilisha mafuriko ya chini. Kwa hiyo jumlisha athari: skimu tatu za umwagiliaji, kila moja ikipimwa peke yake, zaweza kuonekana salama, lakini zikavuta maji kwa pamoja mwezi ambao mto ni haba. Linganisha njia mbadala za kweli, pamoja na ile ya kutofanya lolote. Njia mbili zilizowekwa ili zishindwe hazimsaidii anayeamua.

Rasimu ya ripoti hupelekwa NEMA, hutangazwa kwenye Gazeti Rasmi la Serikali na magazetini, kisha hujadiliwa katika warsha ya uthibitisho. Fanya mabaraza vijijini pia, kwa lugha ya wenyeji. Weka jedwali: maoni, aliyeyatoa, na jibu lililobadilisha au kutobadilisha mpango. Bila safu hiyo ya mwisho, huna ushahidi kwamba ulisikiliza.

Ripoti ya mwisho ikikubaliwa, idhini huja na masharti. Mpango wa ufuatiliaji utaje kipimo, idara inayopima, mara ngapi kwa mwaka na fungu la bajeti. Pasipo fungu hilo, hakuna atakayekwenda kupima maji.