Daraja kwanza: namna nilivyouangusha Ukuta wa Terraria

Msimu uliopita wa karafuu nilipewa kazi ya kulinda mikeka. Hapa Wete ukianika karafuu lazima awepo mtu wa kuziangalia, maana kuku wapo, na mvua ya Pemba haikupi taarifa. Kuanzia adhuhuri mpaka alasiri nilikaa barazani na simu nikicheza Terraria, gemu ambayo ukishaipakua haikudai bando. Hapo ndipo nilipouangusha Wall of Flesh, adui mkubwa wa gemu hiyo, ambao mimi na mtoto wa ami yangu tunauita Ukuta basi. Ulishaniua mara 6. Haya ni kwa ajili ya aliyekwama pale nilipokwama mimi.

Kwanza uujue. Umetanda kutoka juu hadi chini ya Underworld, lile tabaka la mwisho lenye lava, una mdomo mmoja na macho mawili, na hausimami. Ukiwa nusu ya kushoto ya dunia unatokea kushoto na kukusukuma kulia. Ukiwa kulia, kinyume chake. Damu yake, yaani uhai wake, ni 8,000 katika kiwango cha kawaida, 11,200 katika kiwango kigumu cha Expert. Kila damu ikipungua mwendo unaongezeka, na macho yanarusha miale kwa haraka zaidi. Huna pa kuupitia. Na ukijaribu kukimbilia nyumbani kwa kutumia Magic Mirror, kile kioo cha kukurudisha kwako, unakufa palepale. Pigano lote ni kwenda mbele huku ukipiga nyuma. Mara 4 kati ya zile 6 silaha nilikuwa nayo ya kutosha. Nilichokosa ni njia. Nilidumbukia kwenye lava, au nikagota ukuta wa gofu moja lililosimama katikati.

Kwa hiyo jenga daraja, na ulijenge kwa moyo. Mimi lilinichukua alasiri 4. Dunia yangu ni ndogo, upana wake matofali 4,200. Nikaanzia karibu na ukingo wa kushoto nikaelekea kulia mpaka nikafika matofali 1,500 hivi. Mali nyingi ni jivu nililochimba hukohuko chini, mengine mawe niliyoshuka nayo. Linyooshe. Kipandio cha tofali moja mchezaji anakipanda mwenyewe, lakini cha mawili kitakusimamisha, na ukisimama umekwisha. Magofu yaliyo njiani yabomoe, na dari linaloning'inia liondoe pia, maana utaruka kukwepa miale na usipende kugonga kichwa. Wakati wa kujenga kunywa Obsidian Skin, ambayo lava haikuunguzi ukiwa nayo: inatengenezwa kwa chupa ya maji, Fireblossom, Waterleaf na obsidian. Fireblossom inaota hukohuko, Waterleaf utaifuata jangwani.

Likiisha, likimbie lote mwisho hadi mwisho, na viatu vyako vya Hermes vya kuongeza mbio, kabla hujamwita adui yeyote. Mimi nililikimbia mara 3. Mara ya kwanza nikakuta tundu la matofali mawili nililolisahau, na hilo lingeniua.

Vifaa nitavitaja kwa ufupi, kila mtu ana anachokipenda. Damu yako iwe 400, yaani umeshatumia Life Crystal 15, vile vito vya kuongeza damu. Nguo za vita za Molten zinataka vipande 45 vya Hellstone, na kila kipande ni madini 3 ya Hellstone na obsidian 1, kwa hiyo uchimbe 135. Chimba polepole, kila jiwe likivunjika linaweza kuacha lava. Bunduki yangu ni Phoenix Blaster: Handgun ya kwenye Dungeon, lile jengo la chini ya ardhi, ukiiongezea vipande 10 vya Hellstone. Ila Dungeon haikuruhusu kuzama ndani mpaka umalizane na Skeletron, adui anayelilinda. Dawa ni Ironskin ya kinga, Regeneration ya kurudisha damu na Swiftness ya mbio.

Sasa mwanasesere. Kuna shetani mwenye mbawa anayeitwa Voodoo Demon. Ukimuua anaangusha kisanamu cha Guide, yule kijana aliyekupokea siku ya kwanza ya gemu. Kisanamu kikiingia kwenye lava huko Underworld, na Guide yuko hai, Ukuta unatoka. Angalia basi unamuulia wapi. Mara ya tatu nilimpiga risasi akiwa juu ya ziwa la lava, kisanamu kikatumbukia chenyewe, na daraja langu wakati ule lilikuwa halijafika matofali 300. Msubiri aje juu ya nchi kavu. Na Guide mwenyewe anakufa kisanamu kikiungua. Hilo liliniuma, nasema kweli, kwa sababu ndiye aliyenifundisha kutengeneza vitu vyote vya mwanzo.

Siku ya siku chaji iwe imejaa na kazi za nyumbani ziwe zimekwisha. Mara ya tano nilikuwa nimeshaufikisha nusu ya damu, mama akaita, "Mvua!" Nikaiacha simu barazani tukakunja mikeka. Karafuu zilipona, niliporudi nilikuwa nimeshakufa.

Simama mwanzo wa daraja, upande wa ukingo, ili njia yote iwe mbele yako. Kunywa dawa kwanza, ndipo utupe kisanamu. Ukuta ukitokea usitoke mbio mpaka mwisho wa pumzi: acha ubakie kwenye ukingo wa kioo cha simu, uuone wote, nawe uwe na nafasi ya kuruka. Piga macho. Mdomo una kinga ya 12, macho hayana kinga hata kidogo, na damu yao ni moja. Dawa ya kurudisha damu ukishakunywa unangoja sekunde 60, kwa hiyo usiitumie kwa mkwaruzo. Mimi nilisubiri nishuke chini ya 200. Robo ya mwisho ndiyo ngumu, unakimbia kuliko ulivyozoea na miale haikatiki. Hapo niliacha kulenga vizuri nikashughulika na miguu tu, risasi zikaenda zinakokwenda, na bado zilitosha.

Ukuta ukishakufa, vitu vyake vinabaki ndani ya boksi la matofali, havianguki kwenye lava. Chukua Pwnhammer, nyundo ambayo iko kila mara. Juu kwako dunia inabadilika saa hiyohiyo kuwa Hardmode, viumbe vipya na vikali, kwa hiyo usitoke matembezini usiku ule.

Chumba cha Guide nilikiacha kama kilivyokuwa, mlango, meza, kiti na taa. Kulipokucha mwingine akaja kukaa, jina jingine, na nilipomsogelea akaanza kunieleza la kufanya.