Somo: Skripti ya kufuatilia diski inaposoma safu isiyo yake

Tazama mstari huu wa trace_pipe, faili ambamo kernel ya Linux hutoa matukio yanapotokea:

`Web Content-3021 [001] d..1. 812.441203: block_rq_issue: 8,0 R 4096 () 1953128 + 8 [Web Content]`

Skripti ya awk (lugha ya kuchakata maandishi mstari kwa mstari) ikipasua kwa nafasi, `$1`, yaani safu ya kwanza, inabaki "Web" na safu zote zinasogea. Kuhesabu kutoka `$NF`, safu ya mwisho, ni yale yale, kwani jina limejirudia mwishoni na nafasi yake.

1. Washa block_rq_issue (ombi linatumwa kwa diski) na block_rq_complete (ombi limekamilika), kisha hifadhi sampuli. Kurekebisha awk huku matukio yanamiminika ni kujitesa.

`timeout 10 cat /sys/kernel/tracing/trace_pipe > sampuli.txt`

2. Toa jina. Usikate kwenye kistari cha kwanza: uzi wa jarida la ext4 huandikwa `jbd2/sda1-8-212`, na PID (namba ya mchakato) ni 212 tu. Shika kistari kinachotangulia PID na namba ya CPU:

```
match($0, /-[0-9]+ +\[[0-9]+\]/)
jina = substr($0, 1, RSTART-1)
```

3. Kata kwenye jina la tukio:

```
k = index($0, ": block_rq_")
n = split(substr($0, 1, k-1), a, " "); muda = a[n]
mkia = substr($0, k+2); split(mkia, b, " "); diski = b[2]
m = index(mkia, ") ")
split(substr(mkia, m+2), s, " "); sekta = s[1]
```

Sekta inatafutwa baada ya mabano kwa sababu block_rq_complete haina ile safu ya baiti (4096). Ukitumia namba ya safu moja kwa matukio yote mawili, utasoma alama ya `+` ukidhani ni sekta.

4. Kwenye issue weka `anza[diski, sekta] = muda`. Kwenye complete, hakiki `(diski, sekta) in anza` kabla ya kuondoa muda wa mwanzo kwenye muda wa mwisho, kisha `delete`. Bila hakiki, awk huhesabu mwanzo uliokosekana kuwa 0, nawe unaambiwa diski imechukua milisekunde 812441.

Maswali

*Mkuu, kwangu matokeo yanakaa kimya, halafu yanatoka kwa mkupuo.*
Hiyo ni mawk, toleo mojawapo la awk, inakusanya ingizo kwanza. Tumia `mawk -W interactive` au gawk.

*Kuna mstari `CPU:2 [LOST 1345 EVENTS]`. Niuruke?*
Hapana. Bafa ilijaa, hivyo complete fulani zimepotea na sekta ileile ikirudi itaoanishwa vibaya. Ukiuona, futa yote kwa `split("", anza)`, na uongeze buffer_size_kb (ukubwa wa bafa). Kumbuka kiasi hicho ni kwa kila CPU.

*Mistari yenye `FF` baada ya namba ya diski inanipa muda wa ajabu.*
Ni flush, amri ya kumwaga kache ya diski. Hazina sekta halisi, kwa hiyo ufunguo wa diski na sekta hauzitofautishi. Ziruke pale `b[3] ~ /^F/` na `s[3]`, idadi ya sekta, ni 0.