Kupanda mwaridi wa kutambaa kwa ajili ya kula

Wengi hupanda mawaridi ya kutazama. Mimi napanda ya kula, kwa hiyo nayalima kama mboga: chochote ninachokipulizia ua, nitakikuta mdomoni.

Hatua ya 1: Mche. Petali za mawaridi yote zinalika, ila ladha hufuata harufu. Ua lisilonukia ni sawa na kutafuna jani tu. Mimi naipenda Zéphirine Drouhin, aina ya tangu 1868: inanukia sana na matawi yake karibu hayana miiba. Majani yake hushikwa na magonjwa upesi, hivyo ipe nafasi ya hewa. Maua ya msimu wa kwanza usile kabisa, maana huko kitaluni mche huenda ulipigwa dawa ya kupenya hadi ndani ya mmea.

Hatua ya 2: Shimo. Chimba sm 50 kwenda chini na sm 50 upana, palipo na jua la saa 6 au zaidi kwa siku, kama sm 40 kutoka ukutani. Changanya udongo na mboji iliyoiva. Samadi mbichi huunguza mizizi, na kwa mmea wa kuliwa huleta pia vijidudu vya tumbo.

Hatua ya 3: Laza matawi. Hapa ndipo mavuno yalipo. Tawi likisimama wima, ncha yake huyazuia macho ya chini yasichipue, na unapata maua kileleni tu, usikoyafikia. Likilazwa, macho yake mengi huamka, na kila kitawi kinachochipuka huja na maua. Linamishe lingali changa, kwa mikono miwili, kidogo leo, kidogo kesho. Ukisikia linalia, acha hapohapo. Lifunge kwenye fito kwa utepe wa kitambaa, usikaze. Miaka miwili ya mwanzo usipogoe, ondoa vilivyokufa tu.

Hatua ya 4: Maji na wadudu. Mwagilia shinani, si majani, kisha tandaza nyasi kavu. Vidukari hujazana kwenye vikonyo vya matumba. Waondoe kwa vidole au kwa maji ya kasi. Wale wadudu wekundu wenye madoa meusi waache, vidukari ndio chakula chao. Mafuta ya mwarobaini yasiguse matumba, uchungu wake hubaki. Majani yenye madoa meusi yaokote yote, na usiyatie kwenye mboji.

Hatua ya 5: Kuchuma. Chuma asubuhi umande ukishakauka, ua lililofunguka siku hiyohiyo. Kusanya petali zote kwa vidole, zungusha, vuta. Tazama chini ya kila petali: kuna ncha nyeupe, nayo ni chungu. Ikate kwa mkasi. Kung'uta wadudu, suuza haraka, anika kivulini juu ya kitambaa.

Zikishakauka maji, zipange kwenye chupa, tabaka la petali, tabaka la sukari, ufunike. Baada ya siku chache sukari yenyewe itanukia waridi.