Pangaboi halisikii rimoti, taa haipungui mwanga: anzia hapa

Pangaboi lenye taa likigoma kusikia rimoti, wengi hukimbilia dukani kununua rimoti mpya. Nakuomba usitoe hela bado. Kwenye nyumba ninazoitwa hapa Tanga, mara nyingi rimoti ni nzima. Shida iko kwenye betri, ukutani, au kwenye balbu.

Kama feni na taa vyote vimegoma, hakikisha kwanza swichi ya ukutani imewashwa. Rimoti haileti umeme, inatuma amri tu kwa risiva, kile kiboksi kilichofichwa juu ndani ya kikombe kinachoziba ndoano ya dari. Feni yenye kamba za kuvuta iwekwe kwenye kasi ya juu kabisa na taa iachwe imewaka, kisha kamba hizo zisiguswe tena. Mtoto akivuta ya taa ikazima, bonyeza rimoti mpaka kesho, haitawaka.

Halafu betri. Rimoti nyingine hutumia AAA, nyingine kile kibetri kifupi cha volti 12 kiitwacho 23A, kinachouzwa kwa ajili ya rimoti za geti na alamu za magari. Kitaa chekundu kikiwaka usiridhike, maana betri iliyochoka huweza kuwasha kitaa na amri isifike darini. Sisi wa pwani tuna hewa ya chumvi pia: ukiona kijanikijani kwenye springi, kisugue taratibu kwa msasa laini, ufute kwa spiriti, ukaushe.

Rimoti ambayo lazima uielekeze kwenye feni hutumia mwanga usioonekana kwa macho. Ielekeze kwenye kamera ya mbele ya simu na ubonyeze. Doa la zambarau likimweka, inatuma. Zile za mawimbi ya redio hazipimwi hivyo. Baadhi yake zina vijiswichi vinne vidogo chini ya betri, na risiva ina vinne vilevile. Mpangilio usipofanana haziongei. Feni ikijiwasha yenyewe kwenye nyumba za ghorofa, huenda jirani ana mpangilio kama wako. Mipangilio iko 16, badilisha pande zote mbili. Zisizo na vijiswichi huunganishwa upya kwa kuzima umeme, kuurudisha, kisha kushikilia kitufe kilichotajwa kwenye karatasi ya feni ndani ya muda mfupi.

Sasa regyuleta, na hapa naomba unisikilize vizuri. Nyumba zetu nyingi zina ile ya kuzungusha ukutani, ya feni ya zamani. Fundi anafunga feni ya rimoti, regyuleta anaiacha palepale. Mama mmoja Ngamiani aliniambia, "Fundi, rimoti hii inafanya kazi usiku tu." Nikaikuta regyuleta kwenye namba 2, mchana watoto walikuwa wanaichezea. Risiva inataka umeme kamili, na regyuleta huupunguza. Ondoa regyuleta, weka swichi ya kawaida. Dima ya ukutani, ile ya kupunguza mwanga wa taa, nayo isikae kwenye laini hiyo, inaweza kuiunguza risiva.

Taa ikicheza au ikikataa kupungua mwanga, shuku balbu kabla ya kitu kingine. LED ya kawaida haikutengenezwa kupunguzwa mwanga. Inayokubali huandikwa dimmable kwenye boksi lake. Kama unayo balbu ya zamani ya waya, yenye wati zisizozidi zilizoandikwa kwenye holda, ifunge kwa majaribio. Ikipungua vizuri, rimoti na risiva ni nzima, nunua LED sahihi, zote za aina moja. Kama hutaki kununua, tazama ndani ya rimoti: baadhi zina kitelezo kilichoandikwa D upande mmoja na O au CFL upande wa pili. Kitoe kwenye D, taa itabaki ya kuwaka na kuzima tu, bila kucheza.

Yote yakishindikana, ni risiva. Zima breka kwenye boksi kuu la umeme, usiamini swichi ya ukutani. Nimekuta nyumba nyingi nyutro (waya wa kurudisha umeme) ndiyo imepitishwa kwenye swichi, waya wa moto unabaki hai. Pima kwa testa kabla ya kugusa. Ukifungua kikombe, tazama ule waya mwembamba usiounganishwa popote: ndiyo antena. Ukiwa umebanwa chini ya chuma, unyooshe ukae huru, ujaribu tena. Usiposaidia, nunua seti ya risiva pamoja na rimoti yake, na upige picha ya waya kabla hujachomoa hata mmoja.