Namna ya Kutengeneza na Kutumia Mafuta ya Kungumanga

Chupa iliyoandikwa "mafuta ya kungumanga" inaweza kuwa na kimoja kati ya vitu vitatu vilivyo tofauti kabisa, na asiyejua ameshika kipi hawezi kujua kama apime kwa tone au kwa kijiko. Cha kwanza ni mafuta tete, yaani yale yaliyokenekwa: hutolewa kwa mvuke, kisha mvuke huo hupozwa. Haya ni mepesi, hayana rangi au yana umanjano hafifu, na huruka hewani yakiachwa wazi. Cha pili ni siagi ya kungumanga, mafuta mazito yanayokamuliwa kwa joto na kuganda yanapopoa. Cha tatu ni mafuta ya nazi au ya ufuta ambamo kungumanga imerowekwa. Hayo ya mwisho ndiyo yanayoweza kutengenezwa jikoni bila mtambo wowote, na kwa matumizi ya nyumbani sioni sababu ya kuyakimbia.

Ili kuyatambua mafuta tete halisi, dondosha tone moja juu ya karatasi nyeupe na uliache mpaka likauke. Likiacha duara la mafuta lisiloondoka, basi yamechanganywa na mafuta ya kupikia au mengineyo mazito. Jaribio hili halifichui kila aina ya udanganyifu, lakini huufichua ule wa rahisi zaidi.

Mkungumanga asili yake ni visiwa vya Banda, katika Indonesia ya leo, ambavyo Waholanzi waliviteka kwa mauaji makubwa mwaka 1621 ili biashara yote iwe mikononi mwao. Sasa mti huo hustawi pia Grenada, ambayo imeichora kungumanga katika bendera yake, na kwetu Unguja na Pemba. Tunda likiiva hupasuka lenyewe na kuonyesha basibasi nyekundu iliyoizunguka kokwa; ndani ya kokwa hiyo ngumu ndimo ilimo kungumanga yenyewe. Mafuta tete kwa kawaida ni kati ya asilimia 5 na 15 ya uzito wake, na mafuta mazito ni kiasi kikubwa zaidi ya hapo. Jambo la kushangaza ni kwamba wakenekaji hawazidharau zile zilizotobolewa na wadudu, kwa kuwa mdudu hula wanga na mafuta mazito, akayaacha mafuta tete karibu yote. Zenye ukungu, hata hivyo, ni za kutupwa, iwe ni kwa chakula au kwa mafuta.

Kwa kutengeneza nyumbani, chagua kungumanga 2 nzima, nzito mkononi, ambazo ukizichoma kwa sindano hutoa unyevu wa mafuta. Usinunue ya unga, kwa sababu harufu huanza kupotea tangu siku inaposagwa. Zikwaruze au uzitwange kwenye kinu mpaka zilainike, kisha uzitie ndani ya bakuli kavu la kioo pamoja na mililita 250 za mafuta ya nazi au ya ufuta. Liweke bakuli juu ya sufuria yenye maji ya moto yasiyotokota, uliache kwa muda wa saa 2 huku ukikoroga mara moja moja, na uhakikishe kwamba hakuna maji yanayorukia ndani, kwani maji ndiyo yanayoyaharibu mafuta ya aina hii upesi. Moto ukizidi, utasikia harufu imejaa nyumba nzima. Hiyo ni harufu inayotoka katika mafuta yako, nayo haitarudi. Yakipoa, yachuje kwa kitambaa cha melimeli kilichokauka na uyatie katika chupa ya rangi ya giza.

Nimetaja kungumanga 2 kwa makusudi. Moja ina uzito wa kama gramu 5, hivyo mbili ni gramu 10, na tukikadiria kwamba moja ya kumi yake ni mafuta tete, chupa yako itakuwa na gramu 1 tu katika mililita 250, yaani chini ya nusu ya asilimia moja, kiasi ambacho ngozi za watu wazima wengi huweza kukistahimili. Mwenye mafuta tete ya dukani na ayafuate makadirio hayohayo: matone 4 katika mililita 30 za mafuta ya nazi yanatosha. Kabla ya kujipaka mwilini, paka kidogo upande wa ndani wa kiwiko na usubiri siku nzima uone kama patawasha.

Matumizi ya jadi yanafanana kwa namna ya kuvutia kutoka nchi moja hadi nyingine. Penang, nchini Malaysia, mafuta haya hupakwa tumboni kwa ajili ya gesi na kwenye viungo vinavyouma. Grenada nako huuzwa kwa ajili ya maumivu ya maungo. Na India kungumanga husuguliwa juu ya jiwe kwa maji kidogo, ikapakwa kwenye paji la uso kichwa kinapouma. Wanaochua misuli wanasema huleta joto, na hilo mtu hulihisi mwenyewe. Kuhusu usingizi, tone moja kwenye kitambaa kilichowekwa mbali kidogo na mto linatosha. Mafuta tete yasidondoshwe kwenye makaa ya chetezo, kwa kuwa yanashika moto na kutoa moshi mchungu.

Kuyanywa ni jambo jingine, na hapa sina upole. Kungumanga ya halua, ya uji au ya chai ni chembe tu, nayo haina shida. Mafuta tete ni kitu kilichokusanywa: kijiko kimoja cha chai kina mafuta ya karibu kungumanga 9, ilhali moja nzima, ikiliwa kwa mkupuo, yaweza kumtia mtu kichefuchefu, moyo kwenda mbio, kukauka kinywa, na kuona visivyokuwapo. Dalili hizo, ambazo husababishwa hasa na kemikali iitwayo miristisini, huchelewa kwa saa 3 hadi 6, ndiyo maana anayejaribu huona hakuna kilichotokea akaongeza. Mtu aliyekunywa apelekwe hospitali pamoja na chupa yenyewe, wala asilazimishwe kutapika. Wajawazito na watoto wadogo wasiyatumie hata kwa kupaka, na anayetumia dawa za mfadhaiko amwulize kwanza daktari au mfamasia.

Mafuta tete yahifadhiwe katika kioo, si plastiki, mahali penye ubaridi na giza, na kizibo kikazwe kila mara, kwa sababu hewa huyageuza yakaanza kuwasha ngozi hata kama harufu bado ni nzuri. Yale ya kurowekwa yatumike ndani ya miezi michache, na yakinuka uvundo yamwagwe. Machicha yaliyobaki kwenye kitambaa yachanganye siku hiyohiyo na sukari ya chengachenga, uyasugulie visigino, kisha uoshe kwa maji ya uvuguvugu.