Kampala hadi Bukoba kwa basi kupitia mpaka wa Mutukula: somo la hatua kwa hatua

Wadau, habari za leo. Kila ikikaribia Desemba napigiwa simu zilezile: "Dada, wewe si unapita Mutukula kila mara? Hebu nielekeze." Nimechoka kurudia, kwa hiyo nayaandika mara moja, maswali mtauliza hapo chini. Kwetu ni Bukoba, Kampala naishi mwaka wa tisa sasa, na njia hii nimeipita kwa basi, kwa takisi (daladala za Uganda) za kuunganisha, na siku moja kwenye kichwa cha lori lililokuwa limetoka kushusha matoke. Lori sishauri.

Safari yenyewe ni fupi, kama kilomita 300 hivi. Wanaokwama hukwama kwa karatasi, kwa saa au kwa noti, na hayo ndiyo nitayakazia.

Hatua ya 1: Karatasi, wiki mbili kabla

Pasipoti. Najua wengi mmezoea kwenda Nairobi na ndaga muntu (kitambulisho cha taifa cha Uganda) tu mfukoni, na ni kweli inatosha: Kenya, Uganda na Rwanda zilikubaliana tangu 2014 raia wao wavuke kwa kitambulisho cha taifa. Tanzania haimo kwenye mpango huo. Mganda mwenye pasipoti haombi viza kuingia Tanzania, anagongewa muhuri na kupita. Mwenye ndaga muntu peke yake anarudi Kyotera kutafuta pa kulala.

Karatasi ya pili ni kadi ya njano, yaani cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Chanjo hiyo huhesabika kuanzia siku ya 10 baada ya sindano, kwa hiyo anayechomwa Ijumaa ili asafiri Jumamosi amechelewa. Habari njema ni kwamba tangu Julai 2016 cheti hicho ni cha maisha, hata kama kadi yako ya zamani imeandikwa miaka kumi. Mjini kuna jamaa wanaouza kadi bila sindano. Kadi hiyo inaweza kumdanganya ofisa, mbu haimdanganyi.

Piga picha karatasi zote mbili, uziweke kwenye simu. Basi.

Hatua ya 2: Tiketi, na balaa la saa

Mabasi ya upande ule yanapatikana katikati ya mji, maeneo ya Namayiba na Kisenyi. Kata tiketi siku moja kabla, na ukatie ofisini. Yule kijana atakayekushika mkono barabarani akikuita "senga, senga, Bukoba hii hapa" hana basi, ana miguu tu ya kukupeleka kwa mwenye basi, na miguu hiyo utailipia.

Sasa sikilizeni yaliyonipata. Mara yangu ya pili kusafiri, karani aliniandikia "11" kwenye tiketi. Nikamuuliza, "Saa kumi na moja?" Akasema, "Eeh, kumi na moja." Nikaamka usiku wa manane, nikampigia bodaboda, saa kumi na moja alfajiri niko pale na begi langu. Geti limefungwa kwa mnyororo, kuna mlinzi na mbwa. Nikangoja. Kukapambazuka, mama wa chapati akafungua jiko lake, nikala rolex moja (chapati iliyoviringishiwa mayai), nikangoja, nikala ya pili. Basi lilitoka saa tano asubuhi. "11" yake ilikuwa ya Kizungu, na "kumi na moja" yake alikuwa ananitafsiria tarakimu, hasemi saa. Ajabu ni kwamba Waganda wenyewe huhesabu saa kama sisi, ssaawa emu ni saa moja asubuhi, ila wakishika kalamu wanahamia Uingereza.

Kwa hiyo usiulize "saa ngapi". Uliza: "Jua litakuwa limechomoza? Watu watakuwa wameshafungua maduka?" Mimi nauliza hivyo hadi leo na makarani wananicheka.

Hatua ya 3: Kampala hadi Mutukula

Ukishatoka Busega unapita Mpigi, halafu Kayabwe penye mstari wa Ikweta. Basi halisimami hapo. Mwenye takisi anaweza kushuka akapiga picha, na ataonyeshwa maji yanavyozunguka kulia upande huu na kushoto upande ule. Ni mchezo mzuri, lakini siri iko kwenye mkono wa anayemimina.

Baada ya hapo ni Katonga na kinamasi cha Lwera. Eneo hili liheshimuni wakati wa mvua. Mei 2023 daraja la Katonga lilikatika, magari yakazungushwa kupitia Gomba na Sembabule, safari ya Masaka ikawa ya siku nzima. Mvua ikiwa imenyesha mfululizo, mpigie simu mtu wa Masaka kabla hujatoka nyumbani.

Lukaya hapo ndipo pa kula. Basi likipunguza mwendo tu, madirisha yanajaa vijiti: kuku, nyama, ndizi za gonja zilizochomwa zikabaki laini. Mtindo wangu ni huu: shika kijiti kwanza, pesa ibaki kwenye mkono wa pili, na toa noti inayolingana na bei. Ukitoa 50,000 kununua gonja, chenji itakimbia na basi kwa hatua kumi kisha itachoka.

Masaka, Kyotera, Mutukula. Kama umekosa basi la moja kwa moja, panda takisi hadi Masaka, uunganishe hapo. Inachosha lakini inafika.

Hatua ya 4: Mutukula

Mpaka huu ni wa kituo kimoja, na hapa wageni wengi hupotea. Ukitoka Uganda huhangaiki na ofisi za upande wa Uganda. Unavuka hadi jengo la Tanzania, na humo ndani utawakuta maofisa wa nchi zote mbili: dirisha la kwanza unagongewa kutoka, la pili unagongewa kuingia. Ukirudi ni kinyume chake, kila kitu kinafanyika upande wa Uganda. Safari yangu ya kwanza nilijipanga foleni upande ambao sio, na aliyekuja kunitoa ni kondakta, kwa kelele.

Ukishuka, shuka na mkoba wenye pesa, simu na karatasi. Kumbuka namba ya basi, maana yanafanana. Vishoka watakuja: "Leta pasipoti nikuwahishie." Pasipoti yako haishikwi na mtu asiyekaa nyuma ya dirisha.

Kaveera. Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tangu tarehe 1 Juni 2019, na sisi wa Kampala tumezoea kufungia kila kitu humo, mpaka viatu. Hamisha vitu kabla ya safari. Kufungua begi mbele ya watu hamsini, ukitoa nguo za ndani kwenye kaveera nyeusi, ni aibu ambayo nisingependa impate mtu.

Kisha noti. Shilingi ya Tanzania ina nguvu kidogo kuliko ya Uganda, na kwa sababu zote zinaitwa shilingi na zote zina sifuri nyingi, kichwa kinadanganyika haraka. Angalia kiwango cha siku kwenye simu ungali Kampala. Noti kubwa ya Uganda ni 50,000, ya Tanzania ni 10,000, kwa hiyo unatoa noti chache unapokea bunda, na bunda ndiyo shamba la wajanja. Mmoja alinihesabia mbele ya macho yangu, taratibu, kidole kimeloweshwa mate, ikatimia. Akasema, "Ngoja dada, nikuhakikishie." Akazirudisha mkononi, akazihesabu upya, akazikunja katikati, akanikabidhi zikiwa zimekunjwa. Nilipofika kwenye kiti zilipungua elfu ishirini. Anayehesabu mwisho awe wewe. Zikishaingia mkononi mwako zisirudi kwake hata kwa sekunde.

Hatua ya 5: Mutukula hadi Bukoba

Kama kilomita 80 za lami. Mnavuka mto Kagera pale Kyaka, daraja ambalo jeshi la Amin lililipua mwaka 1978. Wazee wa basi wakifika hapo hunyamaza kidogo, halafu mmoja anaanza kusimulia. Mwacheni asimulie.

Bukoba bodaboda na bajaji zipo stendi. Laini ya simu ya Tanzania husajiliwa kwa alama za vidole na pasipoti, kwa hiyo nenda dukani mwenyewe, usimtume mtu.

MASWALI YENU

Mdau wa Jinja: Dada, Kiswahili changu ni cha hukuhuku Uganda, cha kambini. Nitachekwa?

Utachekwa kidogo, kwa upendo. Tatizo halitakuwa ngeli, litakuwa adabu. Sisi huku tumezoea "Leta chai." Kule sema "Naomba chai." Na mtu mzima haanzwi kwa "Habari", anaanzwa kwa "Shikamoo", hata kama ni mama muuza nyanya na una haraka. Nilimpeleka rafiki yangu wa Mbale, akamwambia muuza duka, "Wewe, toa maji." Yule mzee akamtazama, akamwambia, "Mwanangu, umeamkaje?" Alirudia mara tatu mpaka akajibiwa. Maji yalitoka baadaye. Baraza la Mawaziri la Uganda lilipitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2022, lakini hiyo "naomba" haikuja na azimio. Ukijua Luganda pia usiogope, Kihaya kiko karibu nacho, masokoni utaokota maneno mengi.

Mdau wa Kikuubo: Nataka kupeleka vitenge dazeni tatu na katoni za sabuni. Kuna ushuru?

Tofautisha mzigo. Bidhaa iliyozalishwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, yenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, ina utaratibu mwepesi: unaomba cheti rahisi cha uasili hapohapo mpakani na ushuru wa forodha haukuhusu. Sabuni ya kiwanda cha Uganda inaweza kuingia humo. Vitenge vilivyotoka China haviingii hata kama umevinunua Kikuubo na risiti unayo. Nenda forodha mwenyewe ukavitaje. Wanaovifunga kiunoni nimewaona wakifunguliwa.

Mdau wa Ntinda: Naendelea Mwanza. Meli au basi?

Zote zipo. Meli ya MV Victoria hutoka Bukoba usiku, unalala majini, asubuhi uko Mwanza, na ukipata kitanda ni safari tamu. Mama yangu hapandi. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza na mamia ya watu wakafa. Kwetu hakuna mtaa usiokuwa na jina kwenye orodha ile, kwa hiyo simlazimishi. Kwa basi siku hizi kumekuwa rahisi zaidi: tangu Juni 2025 kuna daraja la Kigongo hadi Busisi, kilomita tatu juu ya ziwa, na ile foleni ya kivuko iliyokuwa inakula nusu siku imekwisha. Mwenye haraka apande basi. Mimi mwenyewe napanda meli, mama haambiwi.

Mdau wa Kabalagala: Haya yote yanafaa pia kwa Kigali kupitia Katuna?

Nusu tu. Kule ndaga muntu inakubalika. Lakini rudisha saa nyuma kwa saa moja, angalia kushoto kwanza ukivuka barabara maana magari yanatembea kulia, na mifuko ya plastiki waliikataa tangu 2008. Mpaka wa Katuna ulifungwa 2019, ukafunguliwa tena Januari 2022. Sikiliza taarifa ya habari kabla ya kukata tiketi.

Mdau wa Masaka: Senene za Bukoba na nsenene zetu, zipi tamu?

Ndugu yangu, ni mdudu yuleyule, ameruka mpaka bila pasipoti. Swali hili limeshavunja urafiki, silijibu.

Mdau wa Kyengera: Nikae upande gani wa basi ili nione ziwa?

Kushoto, upande wa mlango. Ila usitegemee ziwa mapema, utaona mafunjo ya Lwera kwanza, kisha migomba mpaka uchoke. Ziwa lenyewe linajitokeza ghafla mkianza kuteremka kuingia Bukoba mjini. Na kwa kuwa mnaelekea kusini, jua lote la asubuhi litakupiga upande huohuo, kwa hiyo kabla hujakaa vuta pazia uone kama linafika mwisho. Mengi yameng'oka.