Mpeleke mwanagenzi rafuni kabla ya lebo

Kwa mnaofundisha wafanyakazi wapya wa maktaba hapa Mombasa: mwanagenzi akishaamua namba ya Dewey (mfumo wa kupanga vitabu vya maktaba kwa namba), aiandike kwa penseli, abebe kitabu hadi rafuni, akiweke pale namba ilipomtuma, kisha asome vichwa vya vitabu vitatu kushoto na vitatu kulia. Vikiwa vya somo lile lile, abandike lebo. La sivyo, arudi mezani.

Zoezi hili linafundisha haraka kuliko mihadhara, kwa sababu Dewey hupanga vitabu kwa taaluma, si kwa kitu kinachotajwa. Chukua samaki: maumbile yake ni 597, uvuvi 639.2, mapishi 641.692. Anayefuata neno la kwenye jalada atakipeleka kitabu cha samaki wa kupaka 597, na akishakuta majirani wanazungumzia mapezi na magamba, ataelewa mwenyewe bila kuambiwa. Hilo halimtoki tena kichwani.

Zoezi halifai rafu ikiwa imevurugika, maana majirani wabaya watalithibitisha kosa. Pangeni safu kwanza. Wala halitoshi kwa fasihi ya Kiswahili, 896.392, ambayo maktaba za huku kwetu husheheni: kila jirani ataonekana ndugu. Hapo atazame utanzu (ushairi 896.3921, tamthilia 896.3922, riwaya na hadithi 896.3923), ndipo aende kwenye herufi za jina la mwandishi. Na kitabu cha kwanza cha somo jipya hakina jirani. Namba yake ikaguliwe na mkutubi mzoefu.